Makopo Ishirini na Manne

Mdogo wangu mpenzi,

Kabla ya salamu, radhi. Barua zako mbili ziko hapa mezani, moja ya mwezi wa pili na nyingine ya mwezi wa nne, na zote sikuzijibu. Mimi ambaye humsimamisha msichana nje ya darasa kwa kuchelewa dakika tano, nimekuchelewesha wewe miezi mitatu. Udhuru sina. Nilicho nacho ni maelezo, nayo yatafika kwa zamu yake. Nakuomba usiruke kurasa kutafuta mwisho, kama ulivyozoea tangu utoto.

Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekuruhusu kupanda ngazi lakini hajakuruhusu kushuka. Nimelisoma jambo hilo mara mbili na bado sijui anataka ulale wapi. Msalimie shemeji, na umwambie kwamba kikohozi cha wiki sita si cha kutibiwa kwa kukipuuza. Wajukuu wawe wazima. Nami ni mzima, isipokuwa macho, ambayo sasa hayasomi madaftari ila kwa miwani mpya, na mwezi wa kumi na mbili nastaafu, kwa hiyo yatapumzika yakitaka yasitake.

Umeniuliza kama ni kweli kwamba wasichana wetu wamevuma muhula huu. Ni kweli. Timu ya netiboli ilicheza mechi saba ikashinda sita, na ile ya saba ilishindwa kwa sababu mfungaji wetu alifika uwanjani na viatu vya dada yake, vilivyomzidi namba mbili, akawa anavikimbilia vyenyewe badala ya mpira. Kwaya ilialikwa kuimba katika mahafali ya chuo cha ualimu. Kwenye mdahalo, wasichana wa kidato cha tatu waliwashinda wavulana wa shule jirani, na msemaji wa wavulana alilalamika kwa waamuzi kwamba wasichana wetu wanaongea haraka mno. Mwamuzi alimjibu kwamba yeye ndiye anayesikiliza polepole. Wasichana walicheka mpaka nikasimama. Bustani ya shule ilitoa mboga za kutosha jiko kwa wiki tisa. Katika likizo fupi ya katikati ya muhula wasichana walikwenda nyumbani siku nne, nami nilibaki, kwa kuwa wakaguzi walitarajiwa Jumatatu. Nikasafisha jengo la sayansi pamoja na wafagizi wawili, kuanzia dari hadi mifereji. Wakaguzi walifika, wakala, wakasifu mifereji.

Lakini kilichotuvumisha ni maonyesho ya sayansi, na hilo lahitaji maelezo.

Mwalimu wa biolojia ni kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye juhudi, ambaye shati lake halijawahi kukaa ndani ya suruali siku nzima. Aliunda timu ya wasichana wanne wa kidato cha tatu. Kiongozi wao ni binti ambaye wenzake humwita Waziri, kwa kuwa huweza kuongea nusu saa bila kupumua na bila kuahidi kitu. Wawili ni mapacha wapole wanaofanya lolote Waziri analolisema. Wa nne wanamwita Rula. Ni mwembamba, mrefu, hachangamki, na tangu kidato cha kwanza hupima vitu: madawati, hatua kutoka bwenini hadi maktaba, mkate wa asubuhi. Usiniulize jina nililopewa mimi. Ni Bi Mstari, kwa sababu kila asubuhi nawapanga mstarini kwa urefu, na huwa sihitaji kumwambia mtu mara mbili.

Swali lao lilikuwa jepesi. Jikoni kwetu humwagwa maji mengi ya kuoshea mchele kila siku. Je, maharagwe yakinyweshwa maji hayo yatakua zaidi kuliko yakinyweshwa maji ya bomba? Walipanda maharagwe katika makopo ishirini na manne ya maziwa, wakayapanga kwenye kizingiti kirefu cha dirisha la maabara: kumi na mawili upande wa kushoto yanyweshwe maji ya mchele, kumi na mawili upande wa kulia yanyweshwe maji ya bomba. Vibandiko vya karatasi vililowa na kubanduka wiki ya kwanza. Rula akataka kuyaandika makopo namba kwa rangi ya kucha, ambayo hailowi, na akaleta chupa moja kutoka nyumbani. Rangi ya kucha ni marufuku shuleni. Niliinyang'anya. Alijaribu kunieleza kwamba si ya kucha zake, nikamwambia kwamba kila aliyewahi kukamatwa nayo alikuwa na kucha za mtu mwingine. Basi wakaandika kwa chaki kwenye kizingiti chenyewe, "Mchele" huku na "Bomba" kule, na kila kopo likajulikana kwa mahali lilipokaa, la kwanza hadi la kumi na mbili.

Kila Jumatano Rula alipima, Waziri akaandika. Hadi wiki ya nne tofauti ilikuwa nusu sentimita, na mwalimu wa biolojia alikuwa ameanza kuonekana kama mtu aliyepika chakula cha wageni wasiokuja. Wiki ya tano, baada ya likizo fupi, mambo yakabadilika. Upande wa mchele ulikuwa umeuacha upande wa bomba kwa sentimita nane. Mapacha walirukaruka. Mwalimu alisema kwamba mizizi sasa imekipata ilichokuwa inakitafuta.

Rula peke yake hakufurahi. Alisema kwamba mimea mitano ya upande wa bomba ilikuwa mifupi kuliko ilivyokuwa wiki iliyotangulia. Mmoja ulikuwa na sentimita ishirini na tatu, na mahali pake sasa pana mmea wa sentimita kumi na saba. Mwalimu alimwambia kwamba alikosea kupima wiki ya nne, jambo la kawaida, afute tu aandike upya. Naye akajibu kwamba mmea haurudi chini, na kwamba hafuti alichokipima. Waziri akamwambia, "We Rula, unataka tushindwe kwa ajili ya namba tano? Zifute, hazina mama hizo." Akakataa. Waziri akachukua kalamu na kuzisahihisha mwenyewe, mwalimu akiwa amesimama pale, na kwa haki yake niseme kwamba aliamini kweli ni makosa ya kuandika. Rula aliitia rula yake kwenye mkoba na kusema kwamba kuanzia siku hiyo hatalitia jina lake kwenye daftari lile.

Ndipo jambo likaletwa kwangu, maana nidhamu ni yangu.

Nilimwita ofisini siku ya Alhamisi. Nilimuuliza kama anawatuhumu wenzake kudanganya. Akasema hapana, mwalimu, simtuhumu mtu. Nikamuuliza kama anamtuhumu mwalimu wake. Akasema hapana. Nikamuuliza basi nani mwenye kosa. Akasema hajui, anachojua ni kwamba namba zile haziwezi kuwa za mimea ile ile. Nilimwambia kwamba mtu asiyemtuhumu yeyote na asiyekubaliana na yeyote ana jina lake, na jina hilo nikaliandika katika kitabu cha nidhamu: mkaidi, hana moyo wa ushirikiano. Nikamwondoa kwenye timu. Asubuhi iliyofuata, kwa desturi, nikayasoma maneno hayo mstarini mbele ya wasichana mia nne na kumi. Alisimama nyuma kabisa, pahali pa warefu, na hakuinamisha kichwa. Hilo nalo nililiona kuwa ukaidi.

Wenzake watatu walikwenda kwenye maonyesho ya kanda wakarudi na nafasi ya kwanza, ya kwanza ya sayansi tangu shule ifunguliwe. Waziri aliwaeleza waamuzi mpaka wakaomba maji ya kunywa. Tukapewa kikombe na mwaliko wa maonyesho ya taifa, yatakayofanyika wiki ya saba ya muhula ujao. Mkuu wa shule alilia kidogo. Unamkumbuka, nilimfundisha mimi tangu kidato cha kwanza, na hadi leo huinuka kwenye kiti chake niingiapo ofisini, ingawa kiti ni chake.

Siku ya kufunga muhula wazazi huja, na mimi husoma taarifa ya mafanikio. Hiyo ni kazi yangu kwa mwaka wa kumi na tisa. Asubuhi ile nilipita ukumbini kunyoosha vitu. Mwalimu wa biolojia alikuwa amebandika picha mbili kubwa za dirisha la maabara, moja ya wiki ya nne na nyingine ya wiki ya sita, zikining'inia upande. Nilipokuwa nazinyoosha nikaona kopo moja lililobonyea tumboni, lenye ukingo uliochanika. Katika picha ya wiki ya nne lilikuwa mwisho kabisa kulia, kwenye maji ya bomba. Katika picha ya wiki ya sita lilikuwa mwanzo kabisa kushoto.

Nalijua kopo lile, mdogo wangu. Lilinikata kidole.

Ilikuwa Ijumaa ya likizo fupi. Kizingiti kilikuwa kimejaa udongo uliomwagika na madoa ya maji. Niliwaambia wafagizi waondoke pale, hiyo nitaifanya mwenyewe, maana wao hupangusa vitu kwa kuvizunguka. Nikayashusha makopo yote ishirini na manne mezani, nikakisugua kizingiti kwa sabuni, na chaki ikatoka pamoja na udongo. Kilipokauka nikaandika upya, "Mchele" na "Bomba", kwa herufi nzuri kuliko zilizokuwapo. Kisha nikayarudisha makopo. Na unanijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwa kupanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa, hadi baba akawa anatafuta vyake kwa kuhesabu. Nikayapanga kwa urefu: mmea mrefu kuliko yote kushoto, mfupi kuliko yote kulia, kama ninavyowapanga watoto wa watu kila asubuhi. Nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama, nikapendezwa. Halikunijia hata mara moja kwamba kopo lina mahali pake kwa sababu nyingine. Kwangu kopo lilikuwa kopo.

Kwa hiyo mchele haukukuza kitu. Mimi ndiye niliyewaweka warefu upande mmoja, na yule mtoto ndiye aliyeona, na nikamwadhibu kwa kuona.

Usidhani kwamba sikupata kuunganisha mambo kwa sababu ni mzee. Alipokuwa amesimama ofisini kwangu akisema namba zile si za mimea ile ile, swali moja tu lilitakiwa: je, kuna mtu aliyegusa makopo? Sikuliuliza. Nilikuwa nikiuliza nani mkosaji, na mtu akiuliza hivyo hajitii mwenyewe kwenye hesabu.

Lakini hilo silo ninalokuja kuungama. Hilo ni kosa, na makosa yana dawa. Ninaloungama ni la siku ile ile.

Nilipoyaona yale katika picha ilikuwa imebaki saa moja na robo kabla ya wazazi kuketi. Saa moja na robo, na ofisi ya mkuu iko hatua thelathini kutoka ukumbini. Nilizinyoosha picha. Nilikwenda kuketi. Nilipoitwa, nikasimama nikasoma taarifa yote, netiboli, kwaya, mdahalo, bustani, na mwisho nikasoma ushindi wa sayansi, kwa sauti ile ile, bila kukwama hata neno moja. Wazazi wakapiga makofi wakisimama. Nilimwona Rula mstari wa nyuma. Alikuwa akipiga makofi kwa adabu, kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu.

Baada ya hapo mama yake alinifuata. Ni muuguzi, alikuja na sare yake ya kazi kwa kuwa alikuwa anarudi zamuni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema, "Mwalimu, tunaomba radhi kwa niaba ya mtoto. Nimeshamsema. Ana kichwa kigumu kama marehemu baba yake, lakini si mbaya." Nilikuwa na kila neno mdomoni. Nikamjibu, "Atajirekebisha." Akanishukuru.

Barua yako ya kwanza ilicheleweshwa na kazi za muhula; hilo ndilo lililonifanya nisikuandikie tangu hapo. Kila nilipoanza barua nililazimika ama kulisema ama kulificha, na sijawahi kukuficha jambo kwa maandishi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alisema, "Mwalimu wangu, kwa nini umeniambia?" Halikuwa swali baya. Alisema maji yakishamwagika hayazoleki. Alisema Waziri na mapacha hawakuiba kitu, na tukijitoa sasa watasemwa kwamba walidanganya mpaka wamalize shule. Alisema mwalimu wa biolojia ndiyo kwanza ameanza kazi. Mwisho, kwa sauti ya chini, alisema kwamba mimi nimebakiza miezi michache na si vema faili langu la miaka thelathini na minne lifungwe kwa jambo la maharagwe. Akatoa njia ya kati: Rula arudishwe kwenye timu kimyakimya, ukurasa wa kitabu cha nidhamu uchanwe, na sote twende taifa. Nikamwambia kwamba katika kitabu kile hakuna ukurasa uliowahi kuchanwa. Akasema basi huu utakuwa wa kwanza, na kwamba nimpelekee mtoto habari njema.

Nami nilizipeleka. Nakiri kwamba njiani niliiona njia ile kuwa ina busara.

Wanakaa ghorofa ya pili ya jengo la kiwanda cha zamani, vyumba viwili, visafi. Mama yake alikuwa kazini. Rula alinikaribisha, akaniletea kiti, naye akabaki amesimama kama yuko ofisini kwangu, mpaka nikamwambia aketi kwani nyumba ni yake. Nikamweleza yote, tangu Ijumaa ile ya likizo hadi nilivyomjibu mama yake. Sikupunguza. Alisikiliza akitazama kidole changu, nadhani akitafuta kovu.

Nilitarajia machozi au hasira. Aliniuliza, "Mwalimu, unakumbuka lipi lilikuwa wapi?" Nikasema hapana. Akaniuliza kama nakumbuka walau marefu mangapi niliyatoa upande wa kulia. Nikasema sikumbuki. Alilipokea hilo kwa masikitiko ya fundi aliyeambiwa kwamba kifaa kimepotea, si ya mtoto aliyeonewa. Akaleta daftari lake mwenyewe. Vipimo vyote vya wiki nne za kwanza vimo humo, pamoja na vile vitano vilivyofutwa. Akanionyesha nusu sentimita ile. "Inawezekana maji ya mchele hayafanyi kitu," alisema. "Hilo nalo ni jibu. Ila hawakutupa kikombe kwa jibu hilo."

Ndipo nikampa habari njema ya mkuu wa shule. Akashukuru, kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa. Kisha akasema kwamba hatarudi kwenye timu kama majibu yatakayopelekwa ni yale yale. Nilimwambia afikirie vizuri, maonyesho ya taifa hayaji mara mbili, na vyuo huchagua wasichana pale pale. Akasema anajua, ndiyo maana anaomba kamati ya maonyesho iandikiwe ukweli mapema, kwani wiki saba zinatosha kupanda upya, na hata wakikataa kutupokea, Waziri na mapacha watakuwa wamejitoa kabla hawajaumbuliwa na mtu mwingine mwenye rula. Kuhusu ukurasa, aliomba usichanwe. Alisema ulisomwa mstarini, basi akiruhusiwa angependa na jibu lake lisomwe mstarini. "Lakini kama ni vigumu kwako, mwalimu, basi," akaongeza.

Miaka thelathini na minne nimekuwa nikiwaambia wasichana kwamba nidhamu ni kufanya lililo sawa wakati ambapo hakuna anayekutazama. Yule alikuwa akinitazama, na bado nilikunywa chai yake, nikamwambia nitafikiri, nikashuka ngazi.

Rasimu mbili ziko hapa mezani pamoja na barua zako. Moja ni ya kamati ya maonyesho, ukurasa mmoja, imetaja makopo, tarehe na mkono uliofanya. Ya pili ni fupi zaidi, mistari mitano, ni ya kusomwa mstarini. Mkuu wa shule anazo nakala. Aliniomba nimpe hadi Ijumaa, na akanikumbusha kwamba barua yoyote itokayo shuleni hupita mkononi mwake. Hilo ni kweli. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mstarini nazungumza mimi, si yeye. Akikubali, nitakuwa nimetii. Akikataa, itabidi niamue kama naweza kusimama mbele ya wale mia nne na kumi bila ruhusa, jambo ambalo ningemfukuzia mwalimu mwingine yeyote. Nimeisoma mistari ile mitano kwa sauti hapa chumbani, mara nyingi, na bado sijaimaliza bila kukwama.

Usinishauri. Nakujua utaniambia lililo sawa, nami lililo sawa tayari ninalo. Limeandikwa kwa wino. Wape watoto salamu zangu, mmoja mmoja kwa jina lake, na shemeji aende hospitali. Ngazi ushuke taratibu, ukishika ukuta. Nitakuandikia uamuzi ukishafanyika, wa mkuu wa shule au wangu, na safari hii hutangoja miezi mitatu.

Akupendaye daima,

dada yako mkubwa